Tarehe ya Matofali ya Ukuta wa Mashariki

Ndugu, jamaa na majirani, mafundi mliokuja na vumbi la kazi bado miguuni, na nyinyi wa kota mliofika hapa kabla hata sisi wafiwa hatujapanga viti, mimi ni mdogo wake marehemu, kitinda mimba wa nyumba yetu, na nimeombwa niwasomee historia ya dada yangu, ambaye wengi wenu mlimwita Pima Maji, kwa sababu hakuweza kuingia nyumba ya mtu bila kuangalia kwanza kama linta, ile boriti ya zege juu ya mlango, imelala sawa. Karatasi hii imeandikwa na binti yake mkubwa, ambaye ni mwalimu, naye amenisihi nisiongeze neno, maana anamjua mjomba wake akishika kipaza sauti. Nitamtii, isipokuwa kwenye tarehe moja, ya matofali ya ule ukuta ulioanguka mwaka 2010, ambayo imekosewa, na aliyebaki hai anayejua kosa hilo lilivyoingia ni mimi. Nikifika hapo nitawaambia.

Marehemu alizaliwa Alhamisi, tarehe 9 Aprili 1953, katika nyumba namba 17, safu ya pili ya kota za karakana ya reli, akiwa mtoto wa kwanza kati ya watano wa mchomea vyuma wa karakana na mkewe, fundi cherehani. Nyumba ilikuwa chumba kimoja na veranda, na ukuta uliotutenga na jirani haukufika juu, kiasi kwamba jirani akikohoa, mama yetu alimpa pole bila kunyanyuka kwenye cherehani.

Alianza shule Januari 1961, katika shule ya msingi iliyo nyuma ya karakana, akamaliza darasa la saba Novemba 1967, akiwa wa pili darasani kwa hesabu na wa mwisho kwa uimbaji, na mliowahi kufanya naye kazi mtakubali kwamba hakubadilika katika yote mawili. Alichaguliwa kuendelea na masomo, lakini mwaka huo mama aliugua, baba alikuwa kazini tangu asubuhi hadi jioni, na nyumbani kulikuwa na mtoto wa miaka mitatu ambaye ni mimi, kwa hiyo aliacha shule ili anilee. Alikuwa akisema kwamba kazi hiyo ndiyo pekee aliyoianza bila kuimaliza.

Machi 1970 aliajiriwa kibarua wa kubeba maji kwenye ujenzi wa jengo la posta, akabeba ndoo kwa miaka mitatu, huku macho yakiwa kwenye mikono ya mafundi. Agosti 1973 fundi mmoja hakufika kazini, na msimamizi, mtu aliyekuwa akisema mwanamke akishika mwiko ukuta unapinda, alikosa wa kumweka, akampa dada mwiko shingo upande. Hadi jioni alikuwa amepandisha kozi nne, yaani safu nne za matofali, msimamizi akaweka pima maji juu yake, akaigeuza, akaiweka tena, mwishowe akaikung'uta kwenye goti akidhani imeharibika. Dada alifanya mtihani wa ufundi uashi tarehe 2 Juni 1975 na kufaulu, na cheti chake mtakiona pale mezani, kimerukiwa na rangi kidogo, lakini kinasomeka.

Tarehe 18 Desemba 1976 alifunga ndoa na shemeji yetu, seremala, mtu aliyetulia kama maji mtungini, ambaye siku ya kwanza kumpeleka dada kwao aliambiwa na mchumba wake, mbele ya wazazi, kwamba fremu ya mlango wa sebule imeegemea kushoto. Fremu hiyo alikuwa ameitengeneza yeye. Walijaliwa watoto wanne, wa kwanza mwaka 1977, wa pili 1980, wa tatu 1983, ambaye alifariki kwa surua akiwa na mwaka na miezi miwili, na wa nne 1988. Shemeji alitutoka tarehe 30 Septemba 2015, na hadi leo madirisha yake yanafunga bila kusukumwa.

Karakana ya reli ilifungwa mwaka 1996, wafanyakazi wakaachiwa nyumba walizokuwa wakiishi, themanini na sita kwa jumla, zikiwa na mabati yaliyooza na kuta zilizoliwa na chumvi hadi usawa wa magoti, na ofisi ya manispaa ikaanza kusema kwamba heri zibomolewe, watu wahamishiwe nje ya mji, eneo lipate matumizi mengine. Wakati huo dada alikuwa akifundisha uashi katika chuo cha ufundi, na huko ndiko alikoiona mashine ya mkono ya kushindilia matofali ya udongo, yasiyochomwa kwa ukuni hata mmoja, yanayohitaji saruji kiduchu, na ambayo udongo wake unachimbwa hapo hapo unapojenga. Aliomba mashine iliyochakaa, shemeji akaitengenezea mpini mpya, na tarehe 12 Mei 2003 akafyatua tofali la kwanza uani kwake, watoto wa mtaa wakimcheka kwamba fundi mkubwa amerudia kucheza matope.

Watu walipenda kumwambia usipoziba ufa utajenga ukuta, naye hakuipenda methali hiyo, akisema wanaoitaja sana hawajawahi kuziba ufa wowote. Kanuni yake ilikuwa nyingine, kwamba hakuna anayekarabatiwa nyumba kabla ya kufanya kazi siku tisa kwenye nyumba ya mwenzake, awe mzee, awe mwenye cheo, na asiyeweza kubeba tofali atapepeta udongo, asiyeweza kupepeta atapika chai ya mafundi. Kwa njia hiyo, kati ya mwaka 2003 na 2010, nyumba arobaini na moja zilikarabatiwa, kuta zikapandishwa hadi juu, matundu ya hewa yakawekwa upande wa upepo, maji ya mvua yakakingwa kwenye matangi, mbao za zamani zikapigwa randa na kutumika tena, na majirani waliokuwa hawasalimiani kwa ajili ya kamba ya kuanikia nguo wakajikuta wameshika ncha mbili za kamba ya kujengea.

Sasa nimefika. Karatasi ya mpwa wangu inasema hivi, nasoma kama ilivyo: "Alhamisi, tarehe 20 Mei 2010, saa kumi jioni, ukuta wa mashariki wa ukumbi wa mtaa, uliokuwa ukijengwa na kikundi chake kwa matofali ya tarehe 15 Aprili, ulianguka, kutokana na haraka ya marehemu ya kutaka ukumbi ukamilike, jambo alilolikiri mwenyewe na kulijutia." Mpwa wangu ameandika alichoambiwa na mama yake, na mama yake aliwaambia watu wote hivyo hivyo. Sivyo ilivyokuwa.

Mnaojua kazi hii mnajua kwamba tofali la kushindilia linapotoka kwenye mashine halijawa tofali, linafunikwa magunia yaliyoloweshwa, linamwagiliwa, linahesabiwa siku ishirini na nane, na kwenye kila rundo tarehe ya kufyatuliwa inaandikwa kwa chaki, kwa sababu kwa macho huwezi kulitofautisha changa na lililokomaa. Dada alijenga kwa kuamini chaki, na mwenye chaki nilikuwa mimi. Matofali ya ukuta wa mashariki nilitakiwa kuyafyatua katikati ya Aprili, lakini nilipata kazi ya kupaka rangi hoteli, nikasema yatangoja, nikayafyatua Jumatatu, tarehe 3 Mei, na kwa kuwa ufunguzi ulikuwa tarehe 5 Juni na mgeni rasmi alishaalikwa, na kwa kuwa niliogopa ulimi wa dada yangu kuliko nilivyoogopa kitu kingine chochote, niliandika tarehe 15 Aprili. Yaliingia ukutani tarehe 17 Mei yakiwa na siku kumi na nne. Tarehe 19 zege la linta likamwagwa juu yake, na kesho yake ukuta wote ukakaa chini, na fundi mwenzetu mmoja, ambaye yuko hapa leo, akavunjika mkono wa kulia.

Mhandisi wa manispaa alikuja asubuhi iliyofuata, akauliza nani aliyepitisha matofali. Nilikuwa nimesimama hatua tatu kutoka kwake. Dada alichukua kipande cha tofali, akakivunja kwa vidole, akakitazama, akasema, "Fundi mkuu ni mimi, na aliyeharakisha ni mimi." Mhandisi akaandika uzembe wa fundi mkuu, na mimi nikanyamaza.

Kikundi kilizuiwa kujenga kwa miaka miwili, na ofisi ya manispaa iliyokuwa ikitafuta sababu ya kubomoa ikawa imeipata, wakasema udongo ni udongo tu, na tarehe 16 Agosti 2010 wakabomoa nyumba kumi na moja za safu ya tano, ambazo zamu yao ilikuwa inafuata, ambazo wenyewe walishamaliza siku zao tisa kwa wenzao, na pale sasa pameegeshwa malori. Familia hizo kumi na moja zilimlaumu dada, wengine kwa sauti, wengine kwa kuacha kumsalimia, naye alipita barabara ile ile kila siku kwenda kazini na kuwasalimia, waitike wasiitike. Mimi nilikuwa nikipita njia ya nyuma.

Zuio lilipoondolewa Septemba 2012, baada ya matofali yetu kupimwa na kukutwa imara, dada alinirudishia chaki, mbele ya watu wote, nami nikajipa moyo kwamba basi hajui. Nyumba thelathini na nne zilizobaki zilikarabatiwa hadi Novemba 2021, na wenye nyumba hizo ninaowaona mnaanza kutazamana, msiwe na wasiwasi, tarehe zake ni za kweli, nilizihesabu siku zote ishirini na nane na magunia niliyalowesha kwa mkono wangu.

Marehemu alianza kuumwa kifua Februari 2022, madaktari wakagundua kwamba mapafu yamekakamaa kwa vumbi la saruji la miaka mingi, akalazwa mara nne, mara ya mwisho tarehe 15 Januari 2024, wodi ya pili, kitanda cha dirishani, ambako alimwambia daktari kwamba kizingiti cha dirisha kinaingiza maji, na daktari akathibitisha kuwa ni kweli. Jumapili, tarehe 21 Januari, nilimwambia. Nilikuwa nimejiandaa kwa maneno mengi, lakini yalinitoka machache, na alinisikiliza akiwa amefumba macho, kisha akasema, "Nilijua siku ile ile, tofali lililoingia ukutani na siku thelathini na mbili halivunjiki kwa vidole." Nikamuuliza kwa nini hakusema. Akasema, "Nilikuwa nakungoja wewe."

Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi, yangu ilikuwa ya miaka kumi na tatu na miezi minane. Nilimwomba msamaha, akasema, "Mimi sikubomolewa nyumba. Waambie waliobomolewa, na uwaambie nikishaondoka, maana nikiwepo watanionea haya mimi, watakwambia yameisha na hayajaisha." Nililia pale, mtu mzima wa miaka sitini, hadi muuguzi akaniletea kiti.

Dada alifariki Jumanne, tarehe 6 Februari 2024, saa nne asubuhi, akiwa na umri wa miaka sabini na miezi kumi. Ameacha watoto watatu, wajukuu saba, na nyumba sabini na tano zilizosimama.

Kwa niaba ya familia tunawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi ya pili, waliomhudumia mgonjwa aliyekuwa akiwakagua, tunawashukuru majirani wa kota, ambao kwa miezi sita walipeana zamu za kumpikia na kumfulia bila kuandikiana ratiba, walimu na wanafunzi wa chuo cha ufundi, na mafundi wenzake wote, hasa yule aliyevunjika mkono, ambaye amebeba jeneza lake leo kwa mkono huo huo. Mpwa wangu, nisamehe kwa kukuvurugia karatasi, nakuomba uandike upya sehemu ile kabla haijahifadhiwa.

Familia za safu ya tano nimezihesabu tangu asubuhi, mko sita kati ya kumi na moja. Siwashukuru, kwa sababu lililo kati yetu si la kushukuriana, kwa sababu yangu mlimchukia mtu asiyewakosea. Jumatatu nitakwenda manispaa kuandika maelezo yangu, jina lake litoke kwenye lile faili na langu liingie, na wale watano ambao hawapo nitawafuata waliko. Sina nyumba za kuwarudishia. Tukimaliza hapa nitasimama pale getini, sitapita njia ya nyuma, na mwenye neno na mimi aje aniambie, kwa kuwa sasa hayupo wa kumwonea haya.

Pumzika kwa amani, dada, na ukuta ule niachie mimi.