Mkulima wa London

Ndani ya teksi ya kwenda mtaa wa Nguba, mwalimu Colette alipakata mitihani ya Kiingereza kwa hasira. Alimgeukia baba asiyemjua aliyeketi kando yake.

"Papa, niliwapa wanafunzi texte ya kusoma, ya mukulima wa kijiji ya Lwiro. Nikauliza: anaishi wapi? Classe nzima: London!"

Yule baba hakushtuka hata kidogo. "Ile ni jibu ya mwaka jana, maman. Mutoto wangu nilimukaririsha majibu yote miye mwenyewe."

"Bila kusoma texte?"

"Kusoma inapoteza wakati. Sisi wote tulipata diplôme vile."

Teksi ikasimama. Baba akashuka, akainama dirishani kwa upole wa mtu anayesamehe.

"Maman, mwaka kesho usibadilishe texte. Unavuruga watoto."