Mama Uzio na Ua la Mteremkoni

Dada yetu tunayemsindikiza leo alizaliwa tarehe 9 Juni 1962, kifungua mimba wa fundi cherehani na mkunga. Alitulea sisi wadogo zake wanne akiwa bado mtoto mwenyewe, na amri zake tumezitii hadi juzi.

Alisoma shule ya msingi iliyokuwa nyuma ya soko, kisha sekondari ya bweni, na mwaka 1984 akahitimu stashahada ya mimea. Alichotaka hasa ni kazi ya safari, aone dunia. Mwaka huohuo akaajiriwa kuwa afisa mazingira na kupangiwa mteremko mmoja, juu ya tangi la maji la mji. Alikaa hapohapo hadi kustaafu.

Kwenye mteremko ule huota ua dogo la zambarau ambalo halijaonekana kwingine. Ili kulilinda, marehemu alizungushia seng'enge na kuwafukuza wafugaji, nao wakambatiza Mama Uzio. Baada ya misimu mitatu nyasi zilifika kiunoni na ua likabaki mashina ya kuhesabika, yakikosa jua. Kumbe ng'ombe, kwa kula nyasi, ndio waliokuwa wakiliachia ua nafasi ya jua. Alikata seng'enge kwa mikono yake, akaenda kwa wafugaji kuomba radhi.

Mwenyekiti wao hakumrahisishia. "Ofisi yenu hatuijui, tunakujua wewe. Siku ya kuingiza ng'ombe uwepo, siku ya kuwatoa uwepo. Usipokuwepo, hatuji."

Alikubali. Kila mwaka ng'ombe waliingia nyasi zikiwa changa, wakatolewa ua lilipoanza kuchipua, wakarudi mbegu zikishadondoka. Mteremko ukawa zambarau tena, na wageni wakaja kupiga picha. Yeye mwenyewe alisema linanuka kama soksi.

Alifunga ndoa tarehe 17 Desemba 1988 na fundi umeme wa reli, wakajaliwa mabinti wawili. Mwaka 1993 shemeji yetu alihamishiwa mji wa mbali, na marehemu akapewa nafasi ya kumfuata. Aliikataa. "Nikiondoka, ng'ombe hawaji. Ng'ombe wasipokuja, ua linakufa," alituambia jikoni, huku analia. "Nimejifunga mwenyewe, nani atanifungua?" Shemeji alizoea kusema kwamba wenzake huibiwa wake na wanaume, yeye kaibiwa na jani. Tulicheka, ila lilimuuma, na dada lilimuuma zaidi. Harusi tatu za familia zilimpita kwa sababu ng'ombe walikuwa mteremkoni.

Mwaka 2020 figo zake zilishindwa. Akawa wa kusafishwa damu kila wiki, amelala na mrija mkononi, anatazama dirisha moja la wodi. Hata baada ya kustaafu alipandishwa mteremkoni kwa pikipiki, ameshikiliwa kiuno na binti yake, ili wafugaji wamwone.

Januari mwaka huu hakuweza tena kuinuka. Mwenyekiti, naye sasa mzee wa fimbo, akaja kumwona hospitali. Dada akamwambia, "Mzee wangu, naomba mniachilie. Siwezi tena kuja."

Mzee akashangaa. "Kwani nani amekushika, mama? Ng'ombe wenyewe njia wanaijua, na vijana wetu siku wanazijua kuliko mimi. Lile sharti lilikuwa la mwaka ule wa kwanza, tulikuwa na hasira."

"Mbona hukuniambia?"

"Hukuuliza. Tulidhani unapenda kuja."

Dada alicheka hadi muuguzi akaja, kisha akageukia ukuta akalia.

Alifariki tarehe 3 Februari 2024, alfajiri, mumewe akiwa amemshika mkono. Ameacha mume, mabinti wawili, wajukuu watatu na sisi wadogo zake wanne. Wafugaji hawapo hapa kaburini. Wametuma salamu kwamba leo ni siku ya kutoa ng'ombe, na wamewatoa.

Dada, pumzika kwa amani.