Mama Lenzi na Mawe ya Jikoni kwa Fundi

Tarehe 30 Juni, baada ya miaka thelathini na minne katika chumba cha visukuku cha makumbusho yetu, Mama Lenzi anastaafu. Tumemwita hivyo, kuanzia mkurugenzi hadi mlinzi wa getini, kwa ajili ya lenzi ndogo anayoining'iniza shingoni. Kuna siku aliitafuta ofisi nzima, akatupekua mpaka sisi, kumbe imemlalia kifuani.

Alianza kwa kuosha mawe kwa mswaki. Akapanda hadi kuwa mtambuzi mkuu, na kila kiumbe cha kale kilichogeuka jiwe kikiletwa hapa, yeye ndiye aliyesema ni nini. Nimekaa meza ya pili kutoka kwake kwa miaka ishirini na sita. Namjua kwa chai inayopoa bila kunywewa, na kwa kuguna. Akiguna mara moja, jiwe lako ni jiwe tu. Akiguna mara mbili, vuta kiti.

Lakini Mama Lenzi mwenyewe hataki tumsifu bila kulitaja kosa lake, nasi tumemtii.

Katika mwaka wake wa tatu kazini, mwashi mmoja, tunayemwita Fundi, alileta mawe kumi na matano yaliyojiviringa, aliyoyaokota machimboni kwa miaka mingi kwa mapenzi yake tu. Ilikuwa Ijumaa jioni na foleni ilikuwa ndefu. Mama Lenzi aliangalia matatu, yakiwa bado na udongo, akayahukumu yote kuwa konokono wa kawaida, akaandika hivyo kwenye lebo ya kumbukumbu zetu. Fundi akarudi nayo nyumbani. Mkewe, aliyekuwa amechoka kufagia akiyazunguka mawe uvunguni mwa kitanda, akasema basi sasa yafanye kazi. Kumi na manne yakaingia kwenye zege la sakafu ya jiko jipya. Moja likabaki kuzuia mlango.

Miaka saba baadaye lile la mlangoni likaanguka, likapasuka. Fundi alilileta ndani ya mfuko wa saruji, akamweleza Mama Lenzi kwamba konokono wake ana vyumba vingi kuliko nyumba zote alizowahi kujenga. Nilikuwepo. Mama Lenzi aliguna mara mbili, kisha akaishika lenzi yake. Konokono hana kuta ndani ya gamba lake. Huyu alikuwa amonaiti, ndugu wa kale wa ngisi na pweza, tena wa aina ambayo droo zetu hazikuwa nayo. Kipande kimoja kilichovunjika hakikutosha kusema ni aina gani. Jibu lilikuwa chini ya zege.

Mkuu wa idara wa wakati huo alishauri lebo ibadilishwe kimyakimya, maana yaliyopita si ndwele. Mama Lenzi akajibu kwamba ndwele yake watu wanaipikia juu. Akasimama kwenye kikao cha asubuhi, akaeleza alivyokosea. Tangu hapo hakuna anayetambua jiwe humu bila kuliosha, na lebo iliyokosewa haitupwi. Hupigwa mstari mmoja, ikasainiwa na kuhifadhiwa.

Hakuthubutu kumwomba Fundi avunje sakafu. Alisema haraka ilikuwa yake, jiko ni la wenzake. Wakawa marafiki wa familia. Kwa miaka ishirini na minne alikaribishwa kula katika jiko lile, na mke wa Fundi anasema hajawahi kuona mgeni anayeitazama sakafu kuliko sahani. Mimi nilikuwa nikicheka. Siku hizi nikikumbuka, sicheki.

Mwezi uliopita Fundi alisikia kwamba Mama Lenzi anaondoka. Hakuuliza mtu. Alichukua patasi na nyundo, na mkewe akahamishia jiko barazani. Walikuja wote wawili na beseni, ndani yake mawe tisa yaliyookoka, yameoshwa yakatakata. Mama Lenzi alilia mbele yetu bila kujificha, nasi hatukuwa na ushujaa wa kumbembeleza.

Kisha akafanya kazi siku kumi na moja. Alipima, akalinganisha, akalitazama lile lililopasuka pamoja na wenzake. Yote ni ya aina moja, na sasa inajulikana. Lebo mpya inamtaja Fundi kuwa mgunduzi. Chini yake Mama Lenzi ameandika kwa mkono wake: "Alikuwa na haki ya kujibiwa vizuri mara ya kwanza."

Saa ya ukutani tuliyotaka kumpa ameikataa. Ameomba saruji. Kwa hiyo Jumamosi wote tunakwenda kumwaga sakafu mpya, naye ameahidi kubeba ndoo.

Mama Lenzi, asante kwa kutufundisha kuona, na zaidi kwa kutufundisha kusema tumekosea. Nenda kapumzike, ule ukitazama sahani yako. Maisha yako yawe mema, na marefu.