Dkt. Restuta Matonya na Milimita za Mwanaidi

Tarehe 30 Juni, Dkt. Restuta Matonya anastaafu baada ya miaka thelathini na moja ya kuwalaza wagonjwa usingizi, mingi kati ya hiyo akiwahudumia watoto.

Tuseme ukweli, sisi tuliofanya naye kazi tulimwogopa. Katika chumba chake cha upasuaji hakuna redio wala simu. Kabla ya kuchoma sindano ya ganzi mgongoni mwa mtoto, hutamka kwa sauti kina anachokadiria, na yeyote aliyepo anaruhusiwa kupinga. Bwana Yahaya wa usafi aliwahi kupinga bila sababu yoyote. Alishukuriwa, na vipimo vikarudiwa.

Mwaka jana aliletwa Mwanaidi, mtoto wa miaka mitatu kutoka Kondoa, anyooshwe mfupa wa paja uliounga vibaya. Faili lilisema kilo kumi na tano. Daktari akakadiria milimita moja kwa kila kilo, akatamka kumi na tano. Hatukupinga. Mtoto alikuwa ameshalala, na Daktari alipomgeuza ubavu akasita, akasema huyu ni mwepesi mno. Muuguzi Evarista akakumbuka kwamba wodini alipimwa akiwa na hogo, ile plasta ngumu ya mguuni, iliyokatwa asubuhi hiyo. Akapimwa upya, mizani ikasoma kilo kumi na tatu. Dozi ikapunguzwa, na kina pia.

Kwa mtu mzima milimita mbili si kitu. Kwa Mwanaidi, mbele ya sindano kulikuwa na utando mwembamba, na nyuma yake mishipa ya fahamu ya miguu yote miwili. Sindano iliingia polepole, kidole gumba kikisukuma maji ya bomba ili kuhisi ukinzani wa nyama. Ghafla ukinzani ukaisha kabla ya milimita kumi na tatu, ishara kwamba sindano imefika, na Daktari akasimama hapo hapo. Nathanaeli, mwanafunzi wake, alinong'ona kwamba hesabu bado haijatimia. Alijibiwa kwamba hesabu ni ya kutuonya, haitupi ruhusa ya kuendelea.

Upasuaji ulipokwisha, miguu ilikuwa imekufa ganzi, kama ilivyotarajiwa. Lakini ganzi na madhara ya mishipa hufanana kwa saa za mwanzo. Daktari alikataa chai, akaketi kando ya kitanda na Mwamvua, mama wa mtoto. Akawa anagusa nyayo, anangoja, anagusa tena. Mwishowe Mwanaidi akavuta mguu, akalalamika kwamba bibi huyu anamtekenya. Mama akalia. Daktari naye akalia, na sisi tukajifanya tunapanga vifaa.

Asante, Daktari, kwa kila mguu uliosogea. Nenda nyumbani Mkonze kwa amani, nasi tunakuombea afya na siku njema.