Mara Tisa Alizotoka Nje Meya Asbjørn Leirnes

Asbjørn Leirnes alizaliwa tarehe 3 Machi 1941 kisiwani Skarvøy, kaskazini mwa Norwe, mtoto wa tatu wa mvuvi. Alisoma shule ya hapohapo, kisha chuo cha ualimu Tromsø, akahitimu Juni 1962 na kurudi kufundisha.

Mwaka 1975 alichaguliwa diwani, na kuanzia 1983 hadi 1999 alikuwa meya. Sheria ya huku humtaka diwani atoke ukumbini linapojadiliwa jambo la ndugu yake, na Asbjørn aliishika mpaka ikawa kero. Akitajwa binamu, alitoka. Akitajwa shemeji, alitoka, akanywa kahawa yake varandani mpaka aitwe. Kuna siku alitoka kwa ajili ya mbwa wa kaka yake.

Tarehe 14 Mei 1987, Jostein Hjelle wa ng'ambo ya ghuba aliomba kibali cha kufuga samaki katika vizimba. Meya akainuka, akatoka. Madiwani wakatazamana, maana akina Hjelle si ukoo wake. Ikasemwa kwamba meya ana hisa humo; waandishi wakachimba, wasipate kitu. Naibu wake alipombana dukani, alijibu, "Sheria inanitaka nitoke, bwana. Hainitaki nihadithie."

Alikuwa amefunga ndoa na Torbjørg tarehe 2 Julai 1966, wakajaliwa binti, Ragnhild. Jibu lile la dukani halikumtosha binti huyo hata kidogo. Heri zingekuwa hisa. Jostein alizaliwa 1963, na kila Krismasi kanisani Ragnhild alimkagua masikio na mwendo, akivilinganisha na vya baba. Alimshuku baba kwa kutoka kwake na mama kwa kunyamaza kwake, na jambo hilo lilimnyima raha miaka thelathini. Alipopekua kumbukumbu za vikao aliona kila kutoka kumeandikiwa sababu: binamu, shemeji, mbwa. Kwa Jostein, aliyerudi barazani na maombi mengine baadaye, mara zote tisa sababu haikuandikwa.

Kiharusi kilimpata mzee Oktoba 2018. Siku moja, katika nyumba ya wazee, Ragnhild alijikaza akamwambia, "Baba, leo tumzungumzie Jostein Hjelle." Mzee akashika ukingo wa kitanda, akahangaika kushusha miguu.

"Ngoja basi," alisema, "nitoke nje kwanza."

Alifariki dunia tarehe 9 Februari 2019, saa nne asubuhi, bila kusema zaidi.

Ragnhild aliandika wasifu huu akaacha wazi mahali pa watoto, akampelekea mama yake. Torbjørg alivaa miwani, akasoma hadi mwisho, akaomba kalamu.

"Ulidhani mimi sijui kuhesabu miaka, mwanangu?" aliuliza. "Nilikuwa nasubiri aseme mwenyewe."

Marehemu ameacha mjane, Torbjørg, na watoto wawili, ambao mama ameagiza watajwe kwa kufuata umri: Jostein, kisha Ragnhild. Mungu amlaze pema, na amsamehe ukimya wake.