Verlene Tasker na Dirisha la Chumba cha Nyuma

Mchungaji, ndugu, majirani na waombolezaji wote, kwa niaba ya familia, mimi Lucius, mdogo wake, nawasomea safari ya dada yetu, Verlene Odom Tasker.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1958, mashariki mwa Baltimore, mtoto wa pili wa Roscoe na Hattie Odom, akasoma mtaani hapo hapo hadi alipomaliza sekondari Juni 1976, na kwa mama yetu akajifunza somo lisilo na cheti, kwamba ngazi za mlangoni husuguliwa kila Jumamosi na mgeni hakuti vumbi ndani. Alifanya kazi ya dobi hospitalini, akafunga ndoa na marehemu Otis Tasker tarehe 6 Juni 1981, wakajaliwa watoto wawili, Renita, 1983, na Darnell, 1991.

Aprili 1993 damu ya Darnell ilikutwa na madini ya risasi, jiji likaandika kwamba mpimaji angekuja Alhamisi tarehe 22 kuchukua vumbi la nyumba likapimwe. Jumatano yake Verlene alipiga deki tangu alfajiri, akafuta kila kizingiti cha dirisha, na maji ya moto nilimbebea mimi, nimsingizie nani. Mpimaji alipitisha kitambaa chake, hakupata kitu, nyumba ikaandikwa salama, tukashukuru. Lakini rangi ya zamani, yenye risasi, ilibaki kwenye fremu, na kila dirisha lilipopandishwa kufunguliwa ilisagika ikawa vumbi tena, mtoto akalishika, akalamba vidole, hadi tarehe 3 Oktoba alipopatwa na degedege. Darnell yuko nasi kiti cha mbele, ana miaka thelathini na minne, na jina lake hajaweza kulisoma.

Tangu 1996 hadi alipostaafu 2020 marehemu alikuwa yeye mpimaji, akiingia majumbani bila taarifa, na kina mama waliokimbilia tambara kwa aibu aliwashika mkono akiwaambia, "Acha hivyo hivyo, mdogo wangu, mimi nimefuata uchafu." Walimwita Bi Vumbi, naye akacheka nao.

Figo zilianza kumsumbua 2022. Januari mwaka huu Renita alirudi nyumbani na mjukuu, Amaya, wa miezi saba, wakalala chumba cha nyuma, ambacho dirisha lake halijabadilishwa tangu nyumba ijengwe. Kitandani pake marehemu aliagiza dirisha lile lisiguswe hadi mwenzake wa kazi aje kulipima tarehe 12 Machi. Alifariki Jumapili tarehe 9, na Jumatatu kina dada wa kanisa, kwa upendo, walikuja kuiandaa nyumba kwa ajili ya msiba, wakafuta kila kona. Mpimaji alikuta dirisha linang'aa, akaondoka bila kuandika kitu. Amaya tumemhamisha chumba, damu yake imechukuliwa, majibu bado, naye tangu juzi hataki kula.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi wa figo, majirani, wafanyakazi wenzake, na kina dada hao, ambao hatuwalaumu, maana kosa hili tulilianza sisi. Baada ya chakula, vyombo tutaosha wenyewe, na yeyote aliyempenda Verlene asishike tambara nyumbani kwetu hadi mpimaji arudi mwisho wa mwezi.

Dada, pumzika kwa amani, dirisha hatuligusi.