Mama Mikunjo Anaiaga Taa ya Zambarau

Tarehe 30 Juni, baada ya miaka thelathini na mmoja kiwandani, dada yetu wa chumba cha miali anastaafu. Wengi tunamjua kama Mama Mikunjo, jina alilojipachika mwenyewe: "Mimi naikunja plastiki, uzee unanikunja mimi. Hatudaiani."

Kazi yake ilikuwa kuuvuta utando laini wa plastiki kwenye fremu hadi ukaze kama ngozi ya ngoma, kisha kuumulika kwa miali ya urujuanimno, mwanga usioonekana kwa macho, itokayo kwenye taa ya zambarau iliyo ndani ya sanduku lenye mlango. Miali huufanya uso wa juu kuwa mgumu huku chini kukibaki laini, na utando ukilegezwa, uso hujikunja mikunjo midogo mno. Mwanga ukipungua, utando hubaki kipara bila mikunjo; ukizidi, hupasuka. Ule uliokunjika sawasawa ndio hospitali hufunikia majeraha ya moto, kwa kuwa haugandi kwenye nyama.

Mumewe alikuwa fundi umeme wetu, mtu wa utani na sauti kubwa. Mwaka wa oda nyingi, msimamizi aliifunga kwa waya swichi inayozima taa mlango wa sanduku unapofunguliwa, ili kazi isisimame. Hakumwambia mtu. Fundi akawa anaingiza kichwa humo kufanya matengenezo siku nenda siku rudi, akidhani taa imezimika na ule mng'ao hafifu wa zambarau ni joto lililobaki tu. Miali ile haiumi papo hapo. Jioni macho yalimwasha kama yametiwa mchanga. "Vumbi tu hilo," alimwambia mkewe, akanawa, kesho yake akarudi. Macho yakafanya vidonda, vidonda vikaoza, na mwisho akawa anamjua mkewe kwa sauti.

Mama Mikunjo ndiye aliyeuona ule waya. Aliufungua, akakuta swichi imeshaharibika kwa kubanwa, akauweka juu ya meza ya msimamizi na kusema, "Siiwashi taa hiyo mpaka swichi ifanye kazi." Akajibiwa kwamba wa kuiwasha hawakosekani, akapelekwa stoo kufungasha maboksi. Lakini kila zamu ilipobadilika alikuja kusimama mlangoni, akamweleza kila anayeingia kilichompata mumewe. Mmoja akagoma, kisha mwingine, hadi akakosekana wa kuiwasha. Swichi mpya ikawekwa. Msimamizi alihamishiwa tawi jingine, hakuulizwa neno.

Yeye akaomba kurudi kwenye taa ileile. Tulipomuuliza anawezaje, alisema, "Wanaoungua bado wanaungua."

Mumewe hakuona tena. Tulimzika mwaka jana, na baada ya maziko mjane wetu alirudi kwenye fremu zake, akitania kidogo kuliko zamani.

Dada, tunajua unarudi kwenye nyumba yenye ukimya, na hatutakudanganya kwamba mapumziko yatakuwa mepesi. Tunakuombea usingizi mtamu, wageni wasiobisha hodi mara moja wakaondoka, na siku zisizo na haraka. Asante. Sisi tuliofanya kazi chini ya taa ile baada ya hayo yote tunayasoma maneno haya kwa macho yetu wenyewe.